Hema, Kafi na Ardhi ya Umma: Mwana-Nairobi Alale Wapi?

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, sisi wanachama watano wa Chama cha Kiswahili tulitembea, na tulichookota kilikuwa aibu tupu. Lakini aibu yenyewe ndiyo iliyoyazaa makala haya, kwa hivyo nivumilie, mpenzi msomaji, nianze nayo.

Tulikuwa na hema la kuazima, sufuria moja, unga kilo mbili, sukuma wiki iliyokwisha kukatwa na tochi ambayo ilikuwa haiwaki mpaka uipige kofi. Tulipanda matatu nambari 111 pale Railways, tukashuka karibu na uwanja wa mbio za farasi katika barabara ya Ngong, kisha tukajipenyeza msituni mnamo saa kumi na moja na nusu jioni. Hatukumwuliza mtu. Tulijiambia kwamba msitu ni pori, na pori halina mwenyewe. Tukasimamisha hema, tukakoka moto, maji ya ugali yakaanza kuchemka. Kelele za magari tulizisikia kwa mbali kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Lo! Tulijiona wakubwa.

Saa mbili usiku tukamulikwa. Walikuwa askari wawili wa msitu, mmoja kijana, mwingine mzee wa makamo aliyevaa koti refu.

"Nyinyi ni kina nani?"

"Ni wanafunzi, afande."

"Nani amewapa ruhusa?"

Hapo mwenzetu mmoja, ambaye katika midahalo ya chama hajawahi kushindwa, akasimama akajibu, "Afande, huu ni msitu wa umma. Na umma ndio sisi."

Yule mzee akacheka mpaka akashika mti. "Haya basi, umma," akasema, "zimeni huo moto kwanza, halafu tuzungumze."

Tuliuzima. Alipokuwa akitusindikiza hadi barabarani alituuliza swali moja ambalo bado linanisumbua. Alisema: "Choo cha umma kule tao ni chako pia, siyo? Je, utapeleka kitanda humo ulale?" Hatukuwa na jibu, hata yule bingwa wa midahalo. Tulirudi makwetu na unga wetu mkavu.

Basi nikaingia maktabani. Nilitaka kujua maneno haya, ardhi ya umma, maana yake hasa ni nini, na kama kweli kuna mahali ambapo mwanafunzi wa Nairobi anaweza kulala hemani na kupiga kafi majini bila ya kumulikwa na tochi.

Katiba ya mwaka 2010 ina maneno mengi kuhusu ardhi, lakini kwa shughuli yetu vifungu viwili vinatosha. Kifungu cha 61 chasema kwamba ardhi yote ya Kenya ni mali ya Wakenya wote kama taifa, kama jamii na kama watu binafsi, kisha chaigawa katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Kifungu cha 62 chataja yaliyo ya umma. Humo mna misitu ya serikali, mbuga za wanyama za taifa, maeneo ya vyanzo vya maji, mito na maziwa. Ardhi hizo hushikwa na serikali kwa niaba yetu. Neno la kuangaliwa hapo ni hilo "kwa niaba". Serikali si mwenyewe, ni kama mjomba aliyeachiwa shamba la yatima. Na yatima naye, ingawa shamba ni lake, hawezi kuamka usiku akauza ng'ombe.

Kwa hivyo yule mwenzetu alisema kweli, ila alisema nusu. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuwa ndani ya msitu wa serikali kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwa sababu zinazokubaliwa na sheria yenyewe, na matembezi ya kujiburudisha yaliyo halali ni mojawapo. Kuwasha moto bila kibali ni kosa jingine. Sisi saa mbili tulikuwa ndani, tena na moto. Tungepelekwa mahakamani tusingekuwa na la kujitetea.

Inafaa pia kujua ni nani huulizwa ruhusa, maana wengi huchanganya. Mbuga za taifa, kama vile Nairobi, Hell's Gate na Aberdare, ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililoanza kazi mwaka 1990. Misitu ya serikali, kama Karura, Ngong Road na ile ya Vilima vya Ngong, iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, lililotokana na sheria ya mwaka 2005. Bustani za mjini, kama Uhuru Park, ni za serikali ya kaunti. Ukipeleka barua kwa asiyehusika utazungushwa kama pia.

Sasa mtu atauliza, ruhusa za nini na barua za nini, si kila mtu angejiendea tu? Jibu ni kwamba Nairobi ilikaribia kabisa kubaki bila mahali pa kuombea ruhusa.

Mwaka 1989 ilitangazwa kwamba ndani ya Uhuru Park patajengwa jumba la orofa 60. Uhuru Park, iliyofunguliwa rasmi na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, ndiyo nyasi ambayo mtu wa kawaida wa katikati ya jiji aliweza kujinyosha siku ya Jumapili bila ya kulipa kitu, na ziwa lake dogo ndilo watoto wengi wa Nairobi walikopandia mashua mara ya kwanza maishani. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani la 1977, akaanza kuandika barua. Aliandikia wizara, aliandikia mabalozi, aliandikia wenye fedha ng'ambo. Bungeni alitukanwa. Lakini wenye fedha wakajitoa, na jumba halikujengwa.

Kisa cha Karura ni kikali zaidi. Msitu huo wa hekta elfu moja na ushei ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na uko jirani na makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kule Gigiri. Mtu angedhani mahali kama hapo hapaguswi! Mwaka 1998 ikagunduliwa kwamba vipande vyake vilikuwa vimegawiwa watu binafsi na miti ilikuwa ikiangushwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo waandamanaji waliingia, na mitambo ya ujenzi ikachomwa moto. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Maathai na wenzake walikwenda kupanda mche langoni. Walinzi wa kukodiwa wakawavamia kwa mijeledi na marungu, naye akapasuliwa kichwa. Amesimulia mwenyewe kwamba alipofika kituo cha polisi aliitia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Baadaye mwezi huo wanafunzi wa vyuo vikuu walipambana na polisi kwa ajili ya msitu uo huo. Mnamo Agosti 1999 Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi za umma.

Leo Karura ina ua, njia za kutembea, njia za baiskeli, maporomoko ya maji na mapango yanayosemekana kuwa walijificha wapiganaji wa Mau Mau. Ukienda Jumamosi utawakuta akina mama wakitembeza watoto mahali ambapo miaka ya 90 mtu mwenye akili zake hakuthubutu kupita peke yake. Kulala huko, hapana. Watu huingia na kutoka mchana.

Msitu wetu wa Ngong Road haukubahatika hivyo. Ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 ulikuwa na zaidi ya hekta 2,900. Leo zimebaki kama 1,200. Kipande hiki kilikwenda kwa nyumba, kile kwa barabara, na barabara kuu ya Southern Bypass ikaupitia kama kisu katika mkate. Ndio maana yule askari mzee alikuwa mkali juu ya moto wetu mdogo. Aliyebakiwa na shati moja haliweki karibu na jiko.

Haya, tulale wapi basi?

Kwa anayeanza, papo hapo upande wetu wa magharibi pana Rowallan, kambi ya Skauti kando ya Jamhuri Park. Ni pazuri kwa kujifunzia, kwa maana ukisahau chumvi unaweza kutuma mtu dukani. Kule Karen kuna njia ya matembezi ya Oloolua, ndani ya msitu unaotunzwa na taasisi ya utafiti wa nyani, penye pango, maporomoko madogo ya mto Mbagathi na uwanja wa kupigia hema. Ukitoka hapo nenda Vilima vya Ngong. Kilele chake kirefu kina urefu wa mita 2,460, na kutembea juu ya mgongo wa vilima hivyo kutoka lango la misitu hadi upande wa Kona Baridi ni kazi ya saa nne au tano. Upepo wa huko si mchezo. Ndio maana mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo ilisimamishwa huko tangu mwaka 1993. Hema lisilofungwa vizuri utalifuata Kiserian. Usiende bila askari wa msitu, na usiende na saa ya thamani.

Na Mbuga ya Nairobi je? Watu wengi huniuliza. Hiyo ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza nchini, ya mwaka 1946, kilomita 117 za mraba, na kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita saba tu. Faru anakula majani huku nyuma yake unaona majumba ya orofa. Lakini humo wamo simba na nyati, na kushuka garini ni katika mahali palipowekwa alama tu, kama pale kwenye mabwawa ya viboko ambapo hutembea na askari. Kama shida yako ni hema, tafuta kwingine.

Kwingine huko, kwa maoni yangu, pa kwanza ni Hell's Gate, karibu na Naivasha, safari ya kilomita tisini hivi. Ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1984, ina kilomita za mraba 68, na ni mojawapo ya mbuga chache ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya punda milia na twiga. Viwanja vya kambi viko juu ya majabali, na jioni jua likianguka miamba inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sijaona mahali palipotulia namna ile.

Lakini hapo hapo ndipo nataka msomaji asimame kidogo. Ndani ya mbuga hiyo kuna korongo, Ol Njorowa, ambalo maji yamelichimba kwa karne nyingi mpaka kuta zake zikawa ndefu na njia ikawa nyembamba, pengine ya mtu mmoja mmoja. Aprili 2012 vijana wa kanisa kutoka Nairobi walikuwa humo maji yalipokuja kwa ghafla. Saba walikufa. Mwezi wa Septemba 2019 gharika nyingine ikawachukua wageni waliokuwa wakitembea humo, pamoja na kijana aliyekuwa akiwaongoza.

Wengi husikia habari hizo wakasema, "Si wangetoka mvua ilipoanza?" Hawaelewi korongo linavyofanya kazi. Mvua hainyeshi hapo ulipo. Inanyesha mbali, juu milimani, nawe huku chini unapiga picha kwenye jua. Ardhi ya huko juu ni kavu na haina miti ya kutosha kuyanywa maji, hivyo yanateremka yote kwa pamoja, yanakusanya matope, mawe na magogo, kisha yanaingia katika ule mlango mwembamba. Maji yaliyokuwa yametandaa kama mkeka sasa yanasimama kama ukuta. Anayeyasikia ana dakika chache, na kuta hazipandiki. Kwa hiyo mawingu meusi yakiwa upande wowote wa mbingu, usiingie. Kiongozi akisema hapana, usimbembeleze na usimwongezee pesa ili akubali. Na ukipiga kambi popote pale, usipige katika mkondo mkavu wa mto hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Mchanga huo uliletwa na kitu.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa niruhusu niwe mwanachama wa Chama cha Kiswahili kidogo. Wengi wetu wa bara tunaita kila kijiti cha kusukumia chombo "kasia". Siyo. Kasia hufungwa ubavuni mwa mashua na mvutaji hukaa akitazama nyuma. Kafi hushikwa mikononi bila ya kufungwa popote, na mpigaji hutazama aendako. Upondo nao ni mti mrefu wa kusukumia chombo penye kina kifupi. Mtumbwi huchongwa kutoka gogo moja. Ukiutia ndubi ubavuni ili usipinduke, na tanga juu, umepata ngalawa. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na chini ndani, maji yanapojikusanya, ni ngama. Basi ukisoma ile methali, tezi na omo marejeo ni ngamani, usiikariri kama kasuku, ujue ni mahali gani katika chombo.

Je, Nairobi inayo maji ya kupigia kafi? Ilikuwa nayo. Kati ya Kibera na Lang'ata kuna bwawa lililojengwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya jiji, Nairobi Dam, lenye eneo la karibu hekta 35. Palikuwa na klabu ya mashua za matanga. Mjomba wangu aliyekulia Kibera miaka ya 60 hutusimulia jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakikaa ukingoni Jumapili kutazama matanga meupe yakizunguka, na jinsi walivyovua samaki kwa ndoano ya pini. Ukimwambia leo mtoto wa pale kwamba watu walipanda mashua humo atadhani unamtania.

Kilichotokea kinaelezeka. Bwawa hilo hulishwa na mto Motoine, unaotoka upande wa Dagoretti, ukapita karibu na msitu wetu wa Ngong Road, ukateremka kupitia Kibera. Watu walipoongezeka bila ya mabomba ya maji machafu kuongezeka, kila kilichotupwa kiliishia mtoni. Uchafu wa vyoo ni mbolea. Mbolea ikiingia katika maji yaliyotulia, mimea hufurahi, na gugu-maji, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, hufurahi kuliko yote. Lilitanda juu ya bwawa kama zulia, mwanga usiingie, samaki wakakosa hewa, na udongo na takataka zikajaza chini. Siku hizi sehemu kubwa ni kinamasi, na pengine watu wamelima mboga mahali palipokuwa pa kupita mashua.

Lakini mto haukuishia pale. Unatoka bwawani ukibadilisha jina kuwa mto Ngong, unapita Eneo la Viwanda, unaungana na mto Nairobi, kisha unaingia Athi. Athi ukifika Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia pwani unaitwa Sabaki, unamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Kwa hivyo chupa inayotupwa mtaroni Kawangware au Riruta haina budi kusafiri, na mvuvi wa Malindi, ambaye hajawahi kufika Nairobi, ndiye anayeipokea. Hilo la kubadilisha majina ni kama mtoro anayekimbia deni.

Kwa anayetaka kupiga kafi leo, basi, ni kutoka nje ya jiji. Ziwa Naivasha ni la maji baridi, na mashua ni nyingi. Shida yake ni viboko. Kiboko mchana hukaa majini, usiku hutoka kula nyasi. Hali nyama, lakini akiona umemziba njia ya kurudi kwenye kina hakuulizi dini yako. Hawezi kukaa chini bila kupumua zaidi ya dakika chache, hivyo mwenye chombo mzuri husimama kwanza akahesabu vichwa, akasubiri, akahesabu tena. Wakiwa sita mara ya kwanza na watano mara ya pili, wa sita yuko mahali. Pengine chini yako. Usipite karibu na matete, usiende alfajiri wala magharibi, na usipige hema kwenye njia waliyoichimba kwa miguu yao. Utaitambua, ni kama mfereji uliolainishwa.

Pale Sagana, kiasi cha kilomita mia moja kwenye barabara ya Nyeri, mto Tana una maji ya kasi yanayoruka mawe, na kuna watu wenye ujuzi wanaofundisha kupanda maboya na mitumbwi midogo ya plastiki iitwayo kayaki. Hapo hakuna kiboko wa kuhesabu lakini kofia ngumu na jaketi la kuelea ni lazima. Nasema lazima hata kwa anayejua kuogelea. Jiwe likikugonga kichwa hujui tena kuogelea.

Ng'ambo mambo haya yamekuwa makubwa. Mbuga ya taifa ya kwanza duniani ni Yellowstone ya Marekani, ya mwaka 1872. Kule Kanada kuna Algonquin, iliyotengwa mwaka 1893, ambako mtu huenda kwa mtumbwi siku nyingi kutoka ziwa hadi ziwa, na maji yakikatika huubeba mtumbwi mabegani akavuka nao nchi kavu. Tusiwaonee wivu sana. Wenyeji wa asili wa nchi hizo ndio waliobuni hiyo mitumbwi, na mara nyingi ndio waliofukuzwa ili pori lionekane halina watu. Hata hapa kwetu Wamaasai walilishia mifugo yao katika nyanda ambazo leo ni Mbuga ya Nairobi. Kila hema la mgeni limesimama mahali ambapo pana mtu aliyewahi kupaita nyumbani, na sioni jinsi ya kulisema jambo hili likawa tamu.

Machache ya vitendo kabla sijasahau. Baridi hutoka chini, si juu. Blanketi tatu za kujifunika hazikusaidii kitu kama umelalia ardhi tupu, kwa hivyo tandika magunia au magazeti makavu. Chakula kisilale nawe hemani, nyani ana pua kuliko mwalimu wa zamu. Choo ni shimo la urefu wa shubiri, mbali na maji hatua sabini au zaidi, kisha ulifukie. Pikia jiko badala ya kuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 2017, na tangu Juni 2020 chupa na sahani za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kuingia mbugani wala msituni. Langoni utanyang'anywa, kwa hivyo beba chupa ya kudumu. Ada hubadilika, na wanafunzi hupunguziwa wakija na barua ya shule. Katika malango ya KWS hawapokei pesa mkononi, ni kulipa kwa simu. Na mwambie mtu aliyebaki nyumbani unakwenda wapi na utarudi lini. Sisi Agosti hatukumwambia mtu. Kama badala ya yule mzee wa koti tungemulikwa na majambazi, wazazi wetu wangeanzia wapi kututafuta?

Barua tumekwisha kuiandika safari hii, kwa Kiswahili sanifu, na mwalimu mlezi ameipitia mara mbili. Tumeomba usiku mbili Hell's Gate likizo ya Desemba, si Aprili, na korongoni tutaingia kiongozi akikubali tu. Nafasi ni ishirini. Wanaotaka waandikishe majina kwa katibu wa chama wakiwa na sahihi ya mzazi, na wasiojua kuogelea waseme mapema bila ya haya, kwa maana siku ya tatu tutapitia ziwani. Yule bingwa wetu wa midahalo amejiandikisha wa kwanza. Amepewa kazi ya kutunza kibali.